Uzito Uko Wapi?

Mabaharia thelathini walipangwa juu ya sitaha ya meli mpya, wakaamriwa wakimbie: kutoka ubavu wa kulia hadi wa kushoto, wote kwa pamoja, kisha warudi. Ilikuwa mwaka 1628 mjini Stockholm, Uswidi, na meli ilikuwa bado imefungwa gatini. Mbio ya kwanza, meli ikalala kidogo. Ya pili, ikalala zaidi. Ya tatu, ikalala kiasi cha kumtia hofu Makamu Admirali Klas Fleming, aliyekuwepo akitazama, naye akaamuru waache. Serahangi wa meli hiyo alikuja kueleza mbele ya tume ya uchunguzi kwamba lau wangekimbia mara nyingine, ingepinduka palepale.

Jaribio likasimamishwa. Safari haikusimamishwa.

Meli yenyewe iliitwa Vasa, jina la ukoo wa mfalme. Mfalme Gustav II Adolf alikuwa Prusia akipigana na Poland, na barua zake zilihimiza kazi imalizwe. Alitaka mizinga mingi na mizito, akapewa: mizinga 64 ya shaba, mingi ikipita tani moja kila mmoja, imepangwa katika sitaha mbili, moja juu ya nyingine. Kuibeba mizinga hiyo kulihitaji mbao nene za mwaloni, nazo ziliwekwa kule juu. Upande wa tezi pakajengwa ngome ndefu, ikapambwa kwa sanamu za kuchonga kwa mamia, za simba, malaika na watawala wa Roma, ili adui ajue anapambana na nani. Juu ya yote ikasimikwa milingoti mitatu. Kutoka mkukuni hadi ncha ya mlingoti mkubwa ni mita 50 na zaidi, ilhali upana wa meli haukufika mita 12. Chini kabisa, ngamani, yalimwagwa mawe ya farumi, kama tani 120.

Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa farumi ni nini. Jahazi lililoshusha shehena yake halirudi tupu. Hupakia mchanga au mawe, mzigo ambao hauna mnunuzi bandari yoyote. Mgeni akiona mabaharia wanahangaika kubeba mchanga hucheka. Nahodha hacheki.

Kwanza tuseme haki: katika kuelea, Vasa haikuwa na kasoro. Kitu kikitiwa majini husogeza kando maji fulani, na maji hukisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yale yaliyosogezwa. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa na askari wa Roma mwaka 212 kabla ya Kristo, alilithibitisha hilo kwa hesabu, na hakuna aliyelitengua. Chombo kitaendelea kuzama mpaka uzito wa maji yaliyosogezwa ulingane na uzito wake. Kikiwa kimezama chote na bado havijalingana, kinakwenda chini.

Kinachoamua ni densiti, yaani tungamo iliyomo katika kila kipande cha ujazo. Mita moja ya ujazo ya maji ya ziwa ina kilo 1,000. Ya maji ya bahari ina kama 1,025, kwa ajili ya chumvi. Ya chuma inakaribia kilo 7,900, na shaba ya mizinga inapita hapo. Hewa ina kilo moja na kitu kidogo. Meli ya chuma huelea kwa sababu, kwa macho ya maji, meli si chuma peke yake: ni chuma pamoja na hewa yote iliyofungwa ndani ya tumbo lake. Jumlisha tungamo yote, gawanya kwa ujazo wa chombo kizima, na jibu litakuwa chini ya densiti ya maji. Vasa pamoja na mawe, mizinga na masanamu yake ilifika tani 1,200 hivi. Ikasogeza tani hizohizo za maji ya Baltiki, ikakaa. Aliyeitazama kutoka gatini aliona meli imara.

Nimesema tungamo, sikusema uzito, nayo ni mambo mawili ingawa sokoni hakuna anayejali. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, nacho hakibadiliki popote ukipelekapo. Uzito ni nguvu ambayo dunia huivutia tungamo hiyo. Mwezini uzito hupungua hadi sehemu moja ya sita, na lau huko kungekuwa na ziwa, jahazi lingezama kina kilekile kinachozama hapa, kwa kuwa maji nayo yangepungua uzito kwa kiasi kilekile. Haya yanaweza kuonekana ni maswali ya darasani, lakini kuna mahali yanavunja mifupa: gatini. Chombo kinachoelea kimebebwa uzito wake wote na maji, ndiyo maana mtu mmoja akikisukuma kwa subira kinasogea, hata kiwe na tani kumi. Vijana huona wepesi huo, wakanyoosha mguu kukizuia kisigonge gati. Maji yamebeba uzito. Tungamo haijabebwa na yeyote. Ipo yote, tani kumi zilezile, na ikishakuwa katika mwendo haijali imekutana na nguzo au na goti la mtu.

Sasa tuje kwenye yaliyoipata Vasa, na hapa namwomba msomaji anivumilie kidogo, maana hili ni gumu kuliko lile la Archimedes.

Uzito wa chombo kizima hufanya kazi kana kwamba umekusanywa mahali pamoja, panapoitwa kitovu cha uzito, na kutoka hapo unavuta chini. Maji nayo yanasukuma juu kupitia katikati ya ile sehemu iliyozama. Chombo kikiwa wima, nguvu hizi mbili zimo katika mstari mmoja. Upepo ukikilaza kushoto, ubavu wa kushoto unazama zaidi, na kwa hiyo katikati ya sehemu iliyozama panahamia kushoto. Maji sasa yanasukuma zaidi upande ulioinama. Hiyo ndiyo nguvu inayokirudisha wima. Tatizo ni kwamba chombo kinapolala, kitovu cha uzito nacho kinasogea kushoto, na kadiri kilivyo juu ndivyo kinavyokwenda mbali. Kikiwa chini, msukumo wa maji unakitangulia na chombo kinasimama. Kikiwa juu mno, chenyewe kinautangulia msukumo, na kuanzia hapo uzito na maji vinashirikiana kukipindua chombo.

Kwa hiyo tani moja ngamani na tani moja sitahani zinalingana kwenye mizani, zinalingana katika hesabu ya kuelea, zinakizamisha chombo kina kilekile. Lakini ya kwanza inakusimamisha na ya pili inakuangusha. Anayeuliza meli imebeba tani ngapi ameuliza nusu ya swali.

Mwaka 1628 hakukuwa na mtu duniani aliyeweza kulikokotoa jambo hili. Mfaransa Pierre Bouguer ndiye aliyeonyesha namna ya kupata kikomo ambacho kitovu cha uzito kisikipite, katika kitabu chake cha mwaka 1746. Nacho, cha ajabu, alikiandika akiwa kwenye milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, alikopelekwa na wenzake kupima umbo la dunia. Hesabu za meli zikatungwa mahali ambapo bahari haionekani. Wajenzi wa Stockholm, zaidi ya miaka mia moja kabla yake, walifuata vipimo vya mazoea walivyorithi kwa waliowafundisha kazi, na mazoea hayo hayakuwa na meli ya sitaha mbili za mizinga mizito kiasi kile. Mjenzi mkuu, Henrik Hybertsson, aliugua akafa mwaka 1627, na kazi ikamaliziwa na msaidizi wake. Ndani ya mabaki zimepatikana hata rula za mafundi: baadhi zimechorwa kwa futi ya Uswidi, nyingine kwa futi ya Amsterdam, ambayo ni fupi zaidi.

Hata hivyo kukosekana kwa hesabu hakumsafishi mtu. Manahodha waliokuwa wakipakia tende Basra au boriti za mikoko Rufiji na Lamu hawakumsoma Bouguer, na walijua kizito hutangulia chini na chepesi hukaa juu. Wavuvi wanaotoka na ngalawa nyembamba wanaifunga mrengu ubavuni kwa kuwa wanajua upana ndio unaompa chombo mahali pa kukanyaga. Ujuzi huo ulikuwepo Stockholm pia, kichwani mwa serahangi na mwa nahodha. Wale watu thelathini wakikimbia walikuwa ndiyo hesabu yenyewe, tena iliyofanywa mbele ya macho. Thelathini tu, labda tani mbili za binadamu, wakahamisha mita chache uzito uliokuwa sehemu ndogo sana ya tani 1,200, na meli ikaonyesha kwamba haina nguvu ya kujirudisha. Upepo ungefanya zaidi ya hapo.

Kwa nini basi hawakuongeza mawe? Kwa ushahidi wa serahangi, suala la farumi lilizungumzwa, na Fleming alilalamika kwamba mawe yalikuwa mengi tayari, maana matundu ya mizinga ya sitaha ya chini yalikuwa karibu mno na maji. Na kweli yalikuwa karibu. Kila tani ya mawe ingeshusha kitovu cha uzito, lakini ingeishusha pia meli nzima, na matundu yangeusogelea uso wa bahari. Hapa ndipo mtu mwenye cheo alipaswa kuona kwamba chombo hiki hakitibiki kwa mawe. Kilihitaji mizinga ishushwe, au kirudi kwa mafundi. Lakini kushusha mizinga ya mfalme ni neno lililohitaji mtu wa kulitamka, na mfalme hakuwepo wa kuambiwa. Serahangi alipoonyesha wasiwasi, alijibiwa kwamba mjenzi amewahi kujenga meli kabla ya hapo, asihangaike.

Jumapili ya tarehe 10 Agosti, alasiri, Vasa iling'oa nanga. Watu walijaa ufukweni. Ndani mlikuwa na wake na watoto wa mabaharia walioruhusiwa kusindikiza kipande cha kwanza. Askari walikuwa wapakiwe mbele, na hiyo ndiyo bahati pekee ya siku ile. Matanga manne tu yalitandazwa. Matundu ya mizinga yalikuwa wazi, kwa sababu saluti ilikuwa ipigwe. Upepo ulikuwa mwepesi. Pumzi moja iliilaza meli, ikainuka kwa shida. Pumzi ya pili iliilaza zaidi, na maji yakaanza kuingia kwenye matundu ya chini.

Kuanzia hapo zile hesabu mbili, ya kusimama na ya kuelea, ziliungana. Maji yaliyoingia hayakukaa mahali pamoja. Yalikimbilia upande ulioinama, yakaongeza mwinamo, na mwinamo ukaongeza maji. Kila mita ya ujazo ya hewa iliyotoka ilipisha tani moja ya maji. Densiti ya chombo kizima ikapanda mpaka ikaipita ya bahari, na Vasa ikatua kwenye kina cha mita 32, ikiwa imesafiri mita 1,300 hivi tangu ilipotandaza matanga. Watu kama 30 walikufa.

Nahodha alikamatwa. Akaapa kwamba mizinga ilikuwa imefungwa barabara na mabaharia hawakuwa wamelewa. Tume ikauliza wajenzi, wajenzi wakasema walifuata vipimo vilivyoidhinishwa na mfalme, na Hybertsson alikuwa kaburini, hawezi kuulizwa. Hakuna aliyepatikana na hatia. Nimesoma visa vingi vya ajali za meli na naweza kusema tume hiyo ya mwaka 1628 inasikika kama ya jana.

Kuna kipande kimoja cha kisa cha Vasa ambacho husimuliwa kama nyongeza, nami naona ni cha maana sana kwetu. Mwaka 1664, wapiga mbizi walianza kuitoa ile mizinga ya shaba kwa kutumia kengele ya kuzamia: chombo kizito kilichofunguka chini, kinachoshushwa majini na mtu akiwa amesimama ndani yake. Hewa inabaki juu ya kengele, kama inavyobaki kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuzamishwa kisimani, na mtu huivuta akifanya kazi gizani kwenye baridi kali. Kwa njia hiyo walipandisha zaidi ya mizinga 50. Kengele ile ingekuwa na tundu juu, hata dogo, hewa ingetoka, maji yangepanda, na mpiga mbizi asingekuwa na saa wala dakika.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka katika Ziwa Victoria. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokuwemo walikuwa wengi zaidi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo likiwa juu, kwa sababu moja tu: hewa iliyonaswa ndani. Na ndani mlikuwa na watu walio hai.

Waokoaji walifanya jambo ambalo huruma humtuma mtu alifanye. Walitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa ikatoka kupitia tundu hilo, na meli ikazama.

Hapa sina haja ya kumsema aliyeshika kifaa cha kukatia. Fizikia ya pale haionekani kwa macho, na mtu akisikia kuna watu ndani ya chuma, mkono wake unataka kukata chuma. Lakini lazima ielezwe wazi, maana itatokea tena mahali fulani. Ndani ya meli iliyopinduka, uso wa maji uko chini kuliko uso wa ziwa nje. Hewa iliyobanwa kati ya maji hayo na tumbo la meli ina mkandamizo mkubwa kuliko hewa ya nje. Ndiyo inayoyazuia maji yasipande. Ukifungua tundu juu, hewa haiingii kuwasaidia walio ndani, bali inatoka kwa kasi, na maji yanapanda kuijaza nafasi yake. Densiti ya meli nzima inapanda kwa kila sekunde. Chombo cha namna hiyo hushikiliwa kwanza, kwa winchi, kwa maboya au kwa vyombo vingine vilivyofungwa ubavuni, au huongezewa hewa kwa kompresa, na watu hufuatwa kutoka chini na wapiga mbizi. Mwanza asubuhi ile vitu hivyo havikuwepo. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja baadaye, kusaidia kutoa miili. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kukaribia 900, na baadhi yao wamezikwa Igoma, Mwanza.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101 na tani 25 za mzigo. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kilipinduka kikiwa makumi ya mita tu kutoka gati la Ukara, watu wakiwa wameanza kusogea upande wa kushukia.

Wengi waliona ajabu kwamba chombo kivuke maji yote yale salama kisha kipinduke mbele ya gati. Si ajabu. Binadamu ndiye shehena mbaya kuliko zote kwa uthabiti wa chombo: husimama juu ya sitaha, kitovu chake cha uzito kikiwa mita moja hivi juu ya mbao, naye hafungiki kwa kamba. Gunia la mahindi likipangwa hukaa. Watu huhama wote kwa pamoja, tena wakati uleule, kwa sababu kila mmoja anataka kuwahi kushuka. Watu mia moja wa kilo 60 ni tani sita zinazotembea zenyewe. Kivuko kilichojaa kupita kiasi kinaweza kwenda vizuri maadamu wametulia, kwa maana nguvu yake ya kujirudisha imebaki kidogo lakini haijaulizwa swali. Gatini ndipo swali linapoulizwa. Siku mbili baada ya ajali, fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai kutoka kwenye chumba kilichokuwa na hewa iliyonaswa. Safari hii tumbo la chombo halikuwa limetobolewa kabla hajafikiwa.

Kwenye ubavu wa meli kubwa utaona duara lenye mstari unaolikata katikati, na pembeni yake ngazi ya vistari vyenye herufi. Hiyo ni alama ya Plimsoll, jina la mbunge wa Uingereza, Samuel Plimsoll, aliyepigana na wenye meli mpaka sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha alama hiyo ichorwe. Kabla yake mwenye meli aliweza kuijaza kupita kiasi, akaikatia bima, na ikizama akalipwa. Vistari ni vingi kwa sababu densiti ya maji haifanani, wala hali ya bahari haifanani: meli iliyopakiwa kwenye maji ya chumvi huzama zaidi ikiingia mtoni, na bahari yenye dhoruba za majira ya baridi hairuhusu meli ijazwe sawa na bahari tulivu ya joto. Ni uvumbuzi mzuri, umeokoa maisha mengi, na mtu yeyote aliye gatini anaweza kuusoma bila kwenda chuo.

Ila mstari huo unasema meli ina uzito gani. Hausemi uzito uko wapi. Vasa haikuzama kwa kuzidi tani, na alama ya Plimsoll peke yake isingeonyesha kasoro yake.

Kujua uzito uko wapi kuna njia yake, na kila meli mpya ya abiria hufanyiwa. Uzito unaojulikana husogezwa sitahani kwa umbali unaojulikana, na timazi ndefu iliyoning'inizwa ndani hupimwa imehama kiasi gani. Kutokana na mwinamo huo mdogo wahandisi hukokotoa kitovu cha uzito kilipo, kisha huandikwa kitabu cha uthabiti kinachomwambia nahodha apakie kiasi gani, wapi, na abaki na farumi kiasi gani. Kitabu hicho ni cha meli ile kama ilivyopimwa. Ukiongeza vyumba juu, umekifuta.

Korea Kusini walikuwa na sheria zote hizi. Feri ya Sewol ilinunuliwa ikiwa imetumika Japani, ikaongezewa vyumba vya abiria kwenye sitaha za juu. Wakaguzi wakaipitisha kwa sharti kwamba ibebe mizigo michache zaidi na farumi nyingi zaidi ya maji chini. Mizigo michache maana yake ni fedha chache. Jioni ya tarehe 15 Aprili 2014 iliondoka Incheon kwenda Jeju ikiwa na mizigo zaidi ya mara mbili ya kiwango, mingine haikufungwa sawasawa. Ili mstari usizame, ilikuwa imebeba chini ya nusu ya farumi iliyotakiwa. Yaani tani ziliondolewa mahali pa chini kabisa, zikawekwa tani nyingine juu, na jumla ikaonekana ileile. Kwa aliyesimama gatini, mstari ulikuwa mahali pake. Asubuhi iliyofuata meli ilikata kona, ikalala, mizigo ikahamia upande mmoja, na haikuinuka tena. Walikufa watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari waliokuwa kwenye safari ya shule.

Wanaopanda feri kwenda Pemba, Ukerewe, Kalangala au popote hawatapewa kitabu cha uthabiti wakisome. Lakini kuna dalili moja ambayo hata abiria anaweza kuihisi miguuni, nayo ni kinyume cha anavyodhani. Meli yenye kitovu cha uzito chini hurudi wima haraka, kwa mshtuko. Inachosha, inatapisha, vikombe vinaanguka. Meli ambayo uzito wake umekaa juu hulala polepole, ikasita kidogo huko ilikolala, kisha ikarudi taratibu. Abiria huisifu kwamba ni tulivu, haitikisi. Baharia mzoefu akihisi kule kusita huteremka kwenda kuona shehena imepangwaje, na farumi imebaki kiasi gani.